Kusafiri na Kusafirishwa

Siku tuliyohama Nairobi nilipewa kazi mbili nyuma ya lori. Ya kwanza nilipewa na Mama: nitazame kifua cha Baba, na kikiacha kupanda na kushuka nigonge kidirisha cha kabini mpaka dereva asimame. Ya pili nilipewa na Baba mwenyewe, akiwa amelala chali juu ya godoro kati ya kabati na viti vya sebuleni: nitazame mashavu ya samaki wake ndani ya boksi, na wakianza kupanda juu kutafuta hewa nimwambie. Hakuna aliyenieleza nifanye nini ikiwa yote mawili yangetokea kwa wakati mmoja. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na kutoka mtaa wa Baba Dogo hadi Bungoma sikuwaza jambo lingine.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Majuzi jirani yangu alikuwa anasafisha tangi lake la samaki kwenye korido, akaniomba nimshikie sponji ya pampu huku akifungua mpira wa maji. Wenye samaki wa mapambo wanaijua sponji hiyo. Haioshwi kwa sabuni wala kwa maji ya mfereji, hukamuliwa tu ndani ya maji ya tangi lenyewe, na harufu yake ni ya tope safi, kama chini ya mtungi uliokaa na maji muda mrefu. Nilipoinusa nilijikuta nimeweka kiganja juu ya kifua changu, nasubiri kiinuke. Jirani akaniuliza kama naumwa.

Tuliishi kwenye ploti ya mawe nyuma ya viwanda, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Baba alifanya kazi katika mojawapo ya viwanda hivyo, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Watu wengine wa ploti walifuga kuku au sungura. Baba alifuga samaki wekundu wasioliwa, ndani ya tangi alilojiundia kwa vipande vya vioo na gundi. Wageni kutoka nyumbani walipouliza watafika lini kiwango cha sufuria, aliwajibu kwamba hao bado wako shule. Tangi lilikaa kando ya televisheni, na pampu yake ndogo ilitoa povu usiku kucha. Stima ikipotea, Baba aliamka, akachota maji kwa kikombe, akayamwaga kutoka juu, akachota tena, ili hewa iingie. Nilikuwa nasinzia tena nikisikia sauti hiyo ya kumwaga, nikijua kuna mtu aliyeamka kwa ajili yetu.

Maji machafu aliyatoa kwa mpira. Aliutia ncha moja ndani ya tangi, akavuta nyingine kwa mdomo mpaka maji yakaanza kuja, akauelekeza haraka kwenye ndoo. Mara nyingine alichelewa, maji yakamfikia kooni, akatema na kukunja uso, nasi tukacheka. Kwa hiyo alipoanza kukohoa, kisha akapelekwa hospitali, kisha nikamsikia Mama akimwambia jirani yetu kwenye kamba ya nguo, "Wamesema ana maji kwenye mapafu," mimi sikushangaa. Nilijua yaliingiaje. Nilichokiogopa ni kile ambacho huenda kilikuwa kimeingia pamoja nayo. Samaki wetu walikuwa wametaga mwezi huo, na vile vitoto vilikuwa vidogo kama alama ya nukta.

Walinipeleka kumwona mara moja. Walikuwa wamemtoa maji kwa bomba kwenye mbavu, na kando ya kitanda palikuwa na mtungi mrefu wa chuma, mweusi, wenye saa ndogo juu yake na mpira uliofika puani mwake. Nilitazama kile chombo cha maji chini ya kitanda, chenye rangi ya chai ya rangi, nikatafuta nukta. Sikuona kitu. Baba aliniuliza, "Samaki wamekula?" Sauti yake ilitoka mbali. Nilimwambia wamekula.

Aliporudi nyumbani alikuwa mwembamba, na mwanga ulimuumiza macho. Mama alitundika shuka dirishani. Kiwandani walikuwa wameshaweka mtu mwingine kwenye mashine yake. Daktari alisema apumzike mahali penye hewa, na kwetu palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: kwa kukhu, mama yake Baba, Bungoma.

Hapa lazima nieleze maneno mawili, kwa sababu hofu yangu yote ilisimama juu yake. Watu wa magharibi mwa Kenya tulioishi katika ploti ile tulikuwa na utaratibu wetu. Nyumbani tulienda Desemba. Mtu akienda nyumbani mwezi mwingine, kuna msiba. Na msiba ulipotokea, wakubwa walikutana jioni kwenye uwanja wa ploti, wakaketi kwenye viti vya plastiki, akasimama mmoja na kusema mwili utasafirishwa Alhamisi. Redioni pia, kila jioni, baada ya majina marefu ya ndugu na jamaa: mwili utasafirishwa. Nilikuwa mtoto wa kupanga vitu, hata maneno, na hayo nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani. Mtu husafiri. Mwili husafirishwa. Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima wa afya akisafirishwa.

Ndipo nikamsikia Mama kwenye simu, pale karibu na mfereji ambapo mtandao ulishika. Alikuwa anaongea na baba mdogo Wekesa, mdogo wake Baba, aliyeishi Bungoma na kukhu.

"Ndiyo, tumeamua," alisema. "Tunamsafirisha Jumamosi." Akasikiliza. "Lori. Vitu si vingi. Hao samaki anaachia rafiki yake hapa, nimekataa kabisa." Akasikiliza tena, akageuka ukutani. "Mwambie mama asilie."

Niliweka ndoo chini. Nilienda nikasimama mlangoni, nikamtazama Baba amelala nyuma ya pazia. Kifua kilipanda, kikashuka. Kwa hiyo alikuwa bado. Lakini Jumamosi ilikuwa imeshapangwa, na wakubwa hawapangi siku ya kusafirisha mwili kama hawajui.

Siku iliyofuata Baba aliniita. "Nafula, kuanzia leo usiwape samaki chakula."

"Kesho niwape?"

"Kesho pia usiwape. Na usimwambie mama yako."

Kama ningekuwa nimekulia mahali pengine huenda nisingejua maana yake. Lakini tulikuwa tunapita Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, kila Jumapili tukienda kanisani, na watoto wote wa upande ule tunajua jambo moja kuhusu mbuzi: wa kuchinjwa kesho hapewi majani leo. Anapewa maji tu. Unaweza kupita katikati ya kundi la mbuzi ukajua nani anabaki na nani anaenda kwa kutazama nani anatafuna. Niliwatazama samaki wakija juu ya maji nilipokaribia, midomo wazi, wakisubiri mkono wangu. Halafu nikatazama sahani ya Baba kwenye stuli. Ugali haukuwa umeguswa, mboga zimekauka. Yeye pia hakuwa anakula.

Rafiki yake Baba aliitwa Odush. Alikuwa kijana wa Kariobangi aliyeuza samaki wa mapambo kutoka chumba chake, na mtaani kote walimtania kwamba ni Mjaluo wa kwanza kufuga samaki bila sufuria. Alikuja Ijumaa, Mama akiwa sokoni, akainama juu ya tangi akatazama, akapiga kioo kwa ukucha.

"Hawa wako poa. Wamefunga kula?"

"Tangu jana," Baba alisema kutoka kitandani.

"Na wewe mzee, umekula?"

"Chakula hakipiti."

"Basi mko pamoja," Odush alisema, akacheka. Baba pia akacheka, kisha akakohoa, na Odush akasubiri amalize. "Sikiza. Hizi hazibebwi tu ivo kwa ndoo ka omena. Hizi zinasafirishwa. Kuna vile inafanywa. Tumbo tupu ndio zisichafue maji. Giza ndio zisiogope. Unazifunika kabisa, hakuna kufungua fungua. Ukizifikisha na mwanga na kelele, unafikisha maiti."

"Na kule mlimani Timboroa? Ile baridi?"

"Nitatafuta boksi. Tutazifunga na sweta. Lakini mzee," akashusha sauti, ingawa mimi nilikuwa pale pale nikishika pazia, "Mama Nafula anajua?"

"Atajua asubuhi."

Nilisikia yote hayo, na hakuna neno hata moja lililokuwa geni. Tumbo tupu. Giza. Kufunikwa kabisa. Kusafirishwa. Nilitazama shuka lililotundikwa dirishani na blanketi lililofika kidevuni mwa Baba. Odush alipotoka aliniambia, "Sasa mrembo, mbona sura ndefu?" Sikumjibu. Niliamini ndiye aliyeletwa kuwaandaa wote, samaki na Baba.

Jumamosi asubuhi lori liliingia kwenye barabara ya ploti kwa kurudi nyuma, majirani wakitoa mikokoteni. Dereva aliitwa Makokha, mtu wa kwetu aliyeleta vitunguu Nairobi na kurudi bila mzigo, kwa hiyo lori lote lilinuka vitunguu. Vitu vilipakiwa mpaka likabaki tangi, na Mama alikuwa anasubiri Odush aje alichukue. Odush alikuja, lakini hakuja na mkokoteni. Alikuja na boksi jeupe la stairofomu alilolipata soko la Gikomba, mifuko ya plastiki minene, raba za kufungia, na mtu mwingine aliyesukuma toroli. Juu ya toroli palikuwa na mtungi mrefu wa chuma, mweusi, wenye saa ndogo juu yake.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Yule mtu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale kona, nilikuwa nampita kila siku. Lakini mtungi ulikuwa ule ule wa hospitali, au ndugu yake.

"Hii ni nini?" Mama aliuliza.

Odush alitazama chini. Baba alikuwa ametoka nje, anashikilia fremu ya mlango, mara ya kwanza kusimama juani kwa wiki nyingi. "Mama Nafula, wanaenda na mimi."

"Baba Nafula, tulikubaliana."

"Tulikubaliana nikiwa nimelala."

"Wewe hata pumzi yako haikutoshi, unataka kubeba pumzi ya samaki?"

"Wana yao," Baba alisema. "Fundi ameleta."

Majirani walikuwa wamesimama, na kuna mmoja aliyecheka nyuma ya mkono. Mama alimtazama Baba kwa muda. Sijui aliona nini. Najua tu kwamba aligeuka, akapanda kabini, akafunga mlango, na Odush akaanza kazi haraka kabla hajabadili nia.

Nimewahi kutazama watu wengi wakifanya kazi tangu siku ile, na bado naona mikono yake. Alijaza maji ya tangi kwenye mfuko, sehemu ndogo tu ya chini. Akamwingiza samaki kwa kikombe, si kwa wavu, asikwaruzwe magamba. Akauminya mfuko mpaka hewa yote ikatoka, plastiki ikamkaribia samaki. Kisha fundi akafungua mtungi kidogo, mpira ukapiga mluzi, mfuko ukajaa na kusimama. Odush akausokota shingo, akaukunja, akaufunga raba, akautia ndani ya mfuko wa pili ukiwa umepinduliwa, kichwa chini, ili samaki asibanwe kwenye pembe. "Maji kidogo, hewa mingi," alisema huku akifanya, kama anayeimba. "Watu hudhani samaki anataka maji. Maji ikizidi, hewa inakosa mahali."

Mimi nilimtazama Baba. Maji yakizidi, hewa inakosa mahali. Hakuna daktari aliyekuwa amenieleza vizuri hivyo.

Sponji ya pampu aliitia kwenye mfuko wake peke yake na maji yake ya zamani, akanipa mimi nibebe. Samaki wakawekwa ndani ya boksi, wakazungushiwa sweta za mtumba, kifuniko kikafungwa. Baba akapandishwa na wanaume wawili, akalazwa kwenye godoro, akafunikwa. Turubai likavutwa juu yetu. Ndani kukawa giza la kijani, harufu ya vitunguu, na watu wote wa ploti wakapunga mikono kama wanavyopunga mwili unapoondoka.

Saa za kwanza Baba aliongea. Aliuliza kama nimevaa soksi. Alinionyesha jinsi ya kuinua kifuniko kwa ufa mdogo, nichungulie haraka, nikifunge. Samaki walikuwa wamekaa chini, hawaendi popote, mashavu yakifunguka na kujifunga, polepole. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Wamelala." Nilimwuliza nitajuaje kati ya aliyelala na aliyekufa. Alifikiri. "Aliyelala anashikilia maji," alisema. Jibu hilo halikunisaidia, kwa sababu yeye mwenyewe nilikuwa nashindwa kuona anashikilia nini.

Baada ya Nakuru aliacha kuongea. Lori lilianza kupanda, likabadili sauti, na baridi ikaingia chini ya turubai kama maji yanavyoingia kiatuni. Mvua ilianza. Nilimwona Baba anapumua kwa mdomo, haraka, pumzi fupi fupi, jinsi walivyofanya samaki wetu siku ambazo stima ilipotea na yeye alikuwa zamu ya usiku. Alivuta blanketi juu ya uso. Pale juu ya kifua lilikuwa limekunjamana, na lori lilikuwa linatikisika, na sikuweza kujua kinachosogea ni yeye au ni barabara.

Nikafungua boksi. Mifuko ilikuwa imevimba. Tulipoondoka ilibonyea kwa kidole, sasa ilikuwa imekaza kama mpira wa miguu, inasukuma kifuniko juu, plastiki inang'aa. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema maiti ikikaa huvimba. Ndani ya mfuko wa juu samaki mkubwa kuliko wote, yule mwenye mkia mweupe, alikuwa ameinama ubavu mmoja. Nilitazama shavu lake. Sikuliona likifunguka.

Nilitazama blanketi. Nilitazama samaki. Nilitazama blanketi.

Niligonga kidirisha. Mvua ilikuwa inapiga turubai, injini inalia kwenye mlima, na ndani ya kabini niliona kisogo cha Mama, kitambaa chake cha bluu, hakigeuki. Niligonga kwa ngumi mbili. Makokha alikuwa anaongea, mkono mmoja hewani. Nikarudi kwa magoti hadi kwenye godoro. Sikutaka kufunua uso. Niliketi pale nikiwa nimeshika pembe ya blanketi, na naweza kusema hiyo ndiyo hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, kwa sababu nilijua kwamba nisipofunua, bado atakuwa yuko hai kidogo.

Mkono wake ukatoka chini ya blanketi, ukanishika kifundo.

"Funga boksi," alisema. "Unawapigisha baridi."

"Baba, umekufa?"

Akashusha blanketi kutoka usoni. Halafu akasema, "Bado."

Wakubwa hutumia neno hilo bila kufikiri. Chai iko tayari? Bado. Mtoto aliyelisikia nyuma ya lori Timboroa alisikia ahadi. Nililia kwa sauti ambayo hata Makokha angeisikia kama si mvua. Baba akajiinua kwa kiwiko, taratibu, akapumzika, akajiinua tena mpaka akaegemea kabati.

"Nani amekuambia nakufa?"

Nikamweleza yote, kwa mpangilio: simu, Jumamosi, chakula, mbuzi wa Kiamaiko, giza, mtungi, mifuko iliyovimba. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye neno lenyewe, kwamba mtu husafiri na mwili husafirishwa, alianza kucheka, ikageuka kikohozi, nikamshika bega mpaka kikapita. Alifuta macho kwa ncha ya blanketi.

"Mifuko imevimba kwa sababu ya mlima," alisema alipopata pumzi. "Huku juu hewa ni nyepesi, ile ya ndani inataka kutoka. Tukishuka itarudi. Hata mimi nikishuka nitarudi." Akavuta pumzi chache. "Na hao samaki ndio wanaosafirishwa. Mimi nasafiri. Nisaidie nikae vizuri."

Akakaa. Kutoka Timboroa hadi Bungoma hakulala tena chini, ingawa naona sasa kwamba ilimgharimu. Alishika ubao wa lori kwa mkono mmoja, na kila nilipomtazama aliinua kidole kimoja, kuniarifu kwamba yuko hai. Baada ya Eldoret joto lilianza kurudi, mifuko ikalegea. Samaki mwenye mkia mweupe alikuwa anashikilia maji tena, ingawa kwa upande, na maisha yake yote baadaye aliogelea ameinama, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Tulifika jua likiwa bado juu ya migomba. Kukhu alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba. Baba mdogo Wekesa alikuwa amesimama uani, miguu ina udongo mwekundu hadi magotini. Makokha aliteremsha ubao wa nyuma, wanaume wawili wa jirani wakasogea kumpokea mgonjwa, na Baba akawaonyesha kiganja. Alishuka mwenyewe. Ilichukua muda. Aliteremsha mguu mmoja, akasubiri, akateremsha wa pili, akasimama amelishika lori.

Baba mdogo hakumsalimia. Alimtazama miguuni kwanza, halafu usoni, halafu tena miguuni.

"Umeshuka mwenyewe," alisema.

"Kwani ulitaka nishushwe?"

Kwetu mizaha kati ya ndugu hao wawili haikuisha, hata matangani. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kukhu alikuja, akamshika Baba mashavu kwa mikono miwili, akaongea Kibukusu kwa sauti ya chini sana, nikashindwa kufuata.

Mimi nilikuwa na mfuko wa sponji, na Baba alinituma nikautafutie kivuli. Nilizunguka upande wa kushoto wa nyumba, kule alikozikwa babu, kwa sababu pale pana mti wa parachichi. Kati ya kaburi la babu na ua wa mimea palikuwa na shimo.

Mama alikuwa amenifuata. Alisimama, na mkono wake ukaja begani mwangu ukakaa hapo, mzito. Baba mdogo akatokea nyuma yetu, amebeba boksi jeupe ambalo Makokha alikuwa amemkabidhi.

"Wekesa," Mama alisema. "Hili ni la nini?"

Baba mdogo aliinua kifuniko akachungulia. Nadhani alikuwa hajawahi kuwaona samaki wale. Aliwatazama muda mrefu kuliko walivyohitaji.

"Si mmekuja na samaki?" alisema. "Ni bwawa lao."

Na limekuwa bwawa lao. Siku ile samaki walikaa kwenye karai, mifuko ikielea kwanza ili maji yazoeane, kama Odush alivyoagiza. Wiki iliyofuata baba mdogo alipanua shimo upande mmoja, likapoteza umbo lake, akatandika turubai, akaweka mawe. Samaki walizaana. Baba alikunywa dawa za miezi mingi, akanenepa, na leo ana duka dogo la vifaa vya umeme na tumbo linalomtangulia. Asubuhi huketi kando ya maji na kikombe cha chai. Wageni wakilisifu bwawa husema, "Ndugu yangu ndiye alinichimbia," na haongezi neno.

Kwetu kaburi halichimbwi mtu akiwa anapumua. Anayefanya hivyo anaita kifo. Na kama baba mdogo aliamini kaka yake amekufa, mbona hakuwaambia majirani, mbona kukhu alikuwa ameketi ngazini bila kilio, mbona hapakuwa na hata kuni za matanga? Nimemwuliza Mama alisema nini hasa kwenye simu. Anasema alisema Baba anakuja nyumbani. Ninamkumbusha neno lenyewe, naye ananiambia nilikuwa mdogo. Baba mdogo mwenyewe nilimwuliza mara moja tu, kwenye arusi ya binamu yangu, akiwa amefurahi. Alinipa soda yake nimshikie, akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. "Wewe si ndiye wa kuandika?" alisema. "Andika bwawa."

Basi naandika nilichokiona. Mama alikuwa amemwambia baba mdogo kwamba samaki wanabaki Nairobi. Odush hakuijua namba yake, na Baba anasema hakumpigia. Shimo lilikuwa refu kuliko upana, kingo zake zimenyooshwa kwa jembe, na rundo la udongo pembeni lilikuwa limekauka juu, kama udongo uliolala nje usiku mmoja.